Depo za treni za Tokyo si viwanja vinavyosubiri mnunuzi

Tangu tarehe 23 Oktoba 2024, hisa za Tokyo Metro, kampuni ya treni za chini ya ardhi, zilipoanza kuuzwa kwenye Soko la Hisa la Tokyo baada ya kutolewa kwa bei ya yen 1,200 kila moja, kampuni hiyo imepata wasomaji wapya. Zamani ilisomwa na abiria kwenye ramani za ukutani. Sasa inasomwa na wawekezaji kwenye mizania, na humo wanakuta jambo linalowakera. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za mapato yake hutokana na kubeba abiria, wakati majirani zake, kampuni binafsi za reli kama Tokyu, wamejitajirisha kwa maduka, majumba na viwanja vilivyo kandokando ya reli zao. Ndipo macho yanapohamia kwenye depo, yale maeneo mapana ya Nakano, Koishikawa, Ayase na kwingineko ambako treni hupangwa safu kwa safu, mchana kweupe, juu ya ardhi ambayo mita yake moja ya mraba ingemshinda mfanyakazi wa kawaida kuinunua. Hoja inayofuata ni rahisi na ndiyo maana imeenea: hizi ni treni za chini ya ardhi, kwa nini zilale juu? Zifukiwe, kiwanja kijengwe, hisa ipande. Naiona hoja hiyo ikisimama juu ya msingi mbovu. Depo ya juu ni kiungo cha handaki lenyewe, na ukilikata handaki kiungo hicho, njia nzima inasimama. Thamani ipo pale, ila inapatikana kwa kujenga juu ya depo au pembeni yake, na hata kabla ya hapo kuna deni la usalama ambalo sijasikia soko likilizungumza.

Tuanze na kazi yenyewe. Handaki ni mahali pazuri pa treni kupita na mahali pabaya pa kuitengeneza. Baada ya saa saba usiku reli za Tokyo hunyamaza, umeme hukatwa, na mafundi wa njia huingia kukagua reli, nyaya na kuta hadi karibu na alfajiri. Katika saa hizo chache treni zote lazima ziwe zimekaa mahali, na si treni kumi wala ishirini: njia moja yenye shughuli nyingi huhitaji makumi ya treni asubuhi, kila moja ikiwa na mabehewa 10 na urefu wa mita 200. Baadhi huachwa kwenye stesheni za mwisho au kwenye reli za akiba ndani ya handaki, lakini zilizobaki zinataka uwanja. Halafu kuna ukaguzi unaolazimishwa na kanuni za Japani. Kila baada ya muda usiozidi miezi 3 treni hukaguliwa hali na utendaji wake. Kila miaka 4 au kilomita 600,000, kitakachotangulia, sehemu zake nyeti kama mota, breki na bogi, yaani fremu zinazobeba magurudumu, hufunguliwa. Kila miaka 8 treni huvuliwa karibu yote. Behewa huinuliwa kwa kreni, bogi husukumwa kando, magurudumu huchongwa upya. Kazi ya namna hiyo inahitaji paa refu, hewa, mwanga, njia ya malori ya vipuri, na reli ndefu iliyonyooka ya kujaribia treni kabla hazijarudi kwa abiria.

Wajapani wenyewe waliwahi kuligeuza jambo hili kichekesho. Miaka ya 1970 jozi moja ya wachekeshaji ilipata umaarufu wa nchi nzima kwa kuulizana hivi: treni za chini ya ardhi ziliingizwa humo kupitia wapi? Ukiliwaza hilo, alisema mmoja wao, hupati usingizi. Watu walicheka kwa sababu wengi hawakuwa na jibu. Jibu la kwanza kabisa lipo Ueno na limekuwepo tangu Desemba 1927, njia ya kwanza ya chini ya ardhi barani Asia ilipofunguliwa kati ya Asakusa na Ueno. Treni za njia hiyo, leo inaitwa Ginza, hupanda kutoka handakini, hukatiza barabara ya mtaani, kisha huingia depo. Kwa kuwa umeme wao hupita kwenye reli ya tatu iliyo chini, mahali ambapo mguu wa mtu ungeweza kuifikia, kivuko hicho kina geti linalofunga upande wa reli nyakati zote treni haipiti, kinyume na vivuko vingine ambako geti huwafungia watu wa barabarani. Osaka walikuwa na jibu gumu zaidi. Kabla ya njia ya Midosuji kufunguliwa mwaka 1933, mabehewa yake ya kwanza yalivutwa barabarani na ng'ombe, kisha yakashushwa handakini kupitia shimo lililoachwa wazi. Handaki lisilo na njia ya kutokea juu hurudisha wahandisi kwenye kazi ya ng'ombe.

Kadiri Tokyo ilivyopanuka ndivyo depo zilivyosogea nje. Kuanzia Desemba 1960, treni za njia ya Asakusa zilipoanza kuendelea moja kwa moja hadi kwenye reli za kampuni ya Keisei, mtindo wa kuunganisha handaki la mjini na reli za vitongoji uligeuka kuwa desturi ya jiji. Leo, kati ya njia 9 za Tokyo Metro, ni Ginza na Marunouchi tu zisizoingiliana na reli za kampuni nyingine. Mtindo huo ulileta faida isiyotajwa sana, kwamba treni ya mjini ingeweza kulala mbali na mji. Treni za Hanzomon hulala Saginuma, kwenye vilima vya Kawasaki, kando ya reli ya Tokyu na nje kabisa ya mipaka ya Tokyo. Za Yurakucho na Fukutoshin zina depo Wako, mkoa wa Saitama. Za Tozai zina depo Gyotoku, mkoa wa Chiba. Wapangaji wa miaka ile walijua bei ya ardhi kuliko tunavyowadhania. Walikwenda mashambani na kwenye mabonde, wakanunua eneo lililokuwa rahisi. Kwamba mji uliwafuata baadaye na kuizunguka depo kwa maghorofa si ushahidi kuwa walikosea mahesabu.

Sasa tuipime hoja ya kufukia, kwa kuwa ndiyo inayopendwa na ndiyo dhaifu kuliko zote. Watetezi wake wana mifano, na mifano hiyo ni ya kweli. Njia ya Namboku ina depo ya Oji, iliyo chini ya bustani ya umma. Njia ya Oedo, inayoendeshwa na serikali ya jiji, ina depo Kiba chini ya bustani na nyingine Takamatsu, nayo chini ya ardhi. Kyoto walifukia depo ya Daigo walipojenga njia yao ya Tozai. Ukiishia hapo utasema imewezekana, basi ifanyike kila mahali. Lakini fuata treni ya Namboku siku inapofikia ukaguzi mkubwa. Oji hakuna karakana ya kazi hiyo. Treni hutoka, ikafika Ichigaya, ikaingia reli ya kuunganisha hadi njia ya Yurakucho, ikapita reli nyingine ya kuunganisha karibu na Kasumigaseki hadi njia ya Chiyoda, kisha ikakatiza mji mpaka Ayase, kwenye karakana iliyo juu ya ardhi. Oedo ni kioja zaidi. Treni zake hutumia mota za mstari, teknolojia isiyopatana na reli za njia nyingine, hivyo haziwezi kujiendesha zikiwa huko. Ilipoamuliwa zitengenezwe katika karakana ya Magome, ya njia ya Asakusa, ilibidi lichimbwe handaki fupi la kuunganisha pale Shiodome na kununuliwa vichwa maalumu vya umeme vya kuzivuta. Yaani depo zilizofichwa chini zimeegemea depo za juu. Huwezi kuchukua mfano wa Oji kama sababu ya kuifukia Ayase, maana Oji inaishi kwa sababu Ayase ipo.

Kuna mji mmoja unaostahili kutajwa kama ubaguzi, nao ni Sapporo. Huko theluji ni nyingi kiasi kwamba hata sehemu ya njia yao wenyewe iitwayo Namboku inayopita juu imefunikwa kwa paa refu la alumini kama bomba, na depo za njia mbili zilizofuata ziliwekwa chini. Sapporo walilipa gharama hiyo kwa sababu ya hali ya hewa. Tokyo haina sababu hiyo, na gharama ni kubwa. Makadirio yaliyoambatana na kibali cha mwaka 2022 cha kuongeza njia ya Yurakucho kutoka Toyosu hadi Sumiyoshi yalikuwa yen bilioni 269 kwa kilomita 4.8, yaani takriban yen bilioni 56 kwa kilomita. Najua depo si sawa na njia yenye stesheni, na hesabu haihamishiki moja kwa moja. Hata hivyo depo ni reli nyingi zilizopangwa sambamba chini ya dari moja pana isiyoruhusu nguzo kila mahali, pamoja na mitambo ya hewa, moto na maji. Hesabu hiyo ikishalipwa, faida ya kiwanja kilichobaki juu hupungua haraka.

Hoja ya pili, ya kujenga juu ya depo bila kuihamisha, ina nguvu zaidi, nami naikubali kwa masharti. Haikuvumbuliwa na wawekezaji wa 2024. Njia ya Mita ilipofunguliwa mwaka 1968, depo yake ya Shimura karibu na Nishidai ilihusishwa na mpango wa makazi, na leo juu ya treni kuna sakafu kubwa ya zege iliyobeba maghorofa ya nyumba za umma. Watu wamelea watoto na kuzeeka wakiwa juu ya paa la karakana. Shibuya nako, jengo la Mark City lililofunguliwa mwaka 2000 limeimeza depo ya njia ya Ginza. Wengi wanaopanda kwenda kwenye maduka na hoteli yake hawana habari kwamba ndani ya jengo hilo hilo kuna treni zimeegeshwa. Hong Kong nao waliufanya mtindo huu kuwa biashara kuu ya reli yao, kuanzia makazi ya Telford Gardens yaliyo juu ya depo ya Kowloon Bay. Kwa hiyo anayesema kwamba anga la juu ya depo lina thamani hajakosea.

Sharti la kwanza ni la nguzo. Sakafu ya zege inayobeba maghorofa inasimama katikati ya reli, na nguzo ikishasimama huwezi kusogeza reli tena. Shimura ilipangwa hivyo tangu mwanzo, wakati bado ni mchoro. Kuchukua depo inayofanya kazi, ambayo kila usiku hupokea treni na kila alfajiri huzitoa, ukachimba misingi kati ya reli zake, ni kazi ya miaka mingi ya usiku mfupi. Na wakati wote huo treni zitalala wapi? Sharti la pili ni la wakati ujao. Depo zimebadilika mara nyingi: treni za mabehewa 3 zimekuwa za 6, za 6 zimekuwa 10, mitambo ya zamani imetolewa na mipya kuingizwa. Ukishaweka watu elfu kadhaa juu ya paa, umeuza haki ya kubadilika kwa gharama ya kawaida. Mwanahisa wa leo hupokea gawio, na fundi wa mwaka 2060 hupokea nguzo. Sisemi isifanyike. Nasema bei ya mradi wa namna hiyo lazima ihesabu uhuru unaopotea, na sioni mchambuzi wa soko akiuweka kwenye jedwali lake.

Wapo pia wanaosema teknolojia itapunguza haja ya depo: vihisi ndani ya treni vitatoa taarifa ya kila breki na kila mlango, ukaguzi wa ratiba utapungua, nafasi itabaki wazi. Kweli ukaguzi unaweza kupungua. Lakini eneo kubwa la depo linaliwa na treni zilizolala, na kihisi hakipunguzi urefu wa treni.

Njia inayonivutia zaidi ni ya tatu, na ajabu ni kwamba ndiyo inayotajwa kidogo Tokyo ingawa mfano wake uko Tokyo. Wilaya ya Adachi ilipewa depo ya Ayase, pamoja na kelele na ukuta mrefu, kwa faida ya watu wanaofanya kazi Otemachi na Akasaka. Wakazi walikuwa wakitazama treni tupu zikipita mbele ya nyumba zao kwenda kulala. Wakadai: kama treni inapita hapa, kwa nini isisimame? Tarehe 20 Desemba 1979 stesheni ya Kita-Ayase ikafunguliwa kwenye reli ya depo, kilomita 2.1 kutoka Ayase. Kwa takriban miaka 40 ilihudumiwa na treni fupi ya mabehewa 3 iliyokuwa ikienda na kurudi, kisha jukwaa likarefushwa, na kuanzia Machi 2019 treni kamili za mabehewa 10 zinatoka pale hadi katikati ya mji bila abiria kubadilisha. Fikiria maana yake kiuchumi. Treni zilikuwepo, reli ilikuwepo, dereva alikuwepo. Kilichoongezwa ni jukwaa. Hakuna handaki lililochimbwa, na depo haikupoteza hata njia moja.

Osaka sasa wanafanya jambo hilo hilo kwa makusudi. Kampuni ya Osaka Metro, iliyozaliwa mwaka 2018 idara ya usafiri ya jiji ilipogeuzwa kampuni huku jiji likibaki mwenye hisa, imepanga kuweka stesheni mpya kwenye depo yake ya Morinomiya mwaka 2028, ikitumia reli ambayo treni za njia ya Chuo hupita kwenda kulala. Mahali penyewe pana historia nzito. Palikuwa kiwanda cha silaha cha jeshi, kilichopigwa mabomu tarehe 14 Agosti 1945, siku moja kabla ya tangazo la kusalimu amri, na baada ya vita eneo hilo likagawanywa kwa matumizi mbalimbali, depo zikiwemo. Jirani yake sasa kuna kampasi mpya ya Chuo Kikuu cha Umma cha Osaka. Ni kweli mpango huo umebebwa na ndoto za maendeleo ya makazi na biashara ambazo huenda zisitimie zote. Waendelezaji huota sana. Lakini tofauti yake na wazo la kufukia ni kwamba ndoto zikishindwa, depo bado ipo na treni bado zinatoka alfajiri.

Lipo suala zito kuliko yote haya, nalo ni maji. Nilisema waanzilishi walikwenda kulikokuwa na ardhi rahisi. Kwenye tambarare ya Kanto, ardhi kubwa na rahisi mara nyingi ni ardhi ya chini. Ayase ipo kwenye uwanda wa mashariki ya mto Arakawa. Depo ya Fukagawa ipo wilaya ya Koto, ambayo sehemu zake ziko chini ya kimo cha maji kujaa. Gyotoku ni eneo la mdomo wa mto, na Shin-Kiba imejengwa juu ya ardhi iliyofukiwa baharini. Mwaka 2009 baraza la serikali kuu linaloshughulikia maafa lilikadiria kwamba tuta la Arakawa likibomoka bila hatua za kuzuia, maji yanaweza kuingia kwenye stesheni 97 za njia 17. Mdomo wa handaki, pale treni inaposhuka kutoka juu, ni mlango mmojawapo wa maji hayo. Ndiyo maana kampuni imekuwa ikiweka mageti ya kuzuia maji kwenye midomo hiyo. Geti likifungwa handaki hupona, na treni zilizobaki nje huachwa na mto.

Japani imeshaona picha hiyo, japo kwa treni za aina nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Oktoba 2019, kimbunga Hagibis kilipobomoa tuta la mto Chikuma, depo ya Shinkansen, treni za kasi, huko Nagano ilizama. Treni 10 zenye mabehewa 120 zilikaa majini, na mwishowe zikapelekwa kwenye chuma chakavu. Eneo lile lilikuwa limeshachorwa kwenye ramani ya hatari ya mafuriko kabla ya siku hiyo. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuona mabasi ya mwendokasi yamezingirwa na maji pale Jangwani hahitaji kuelezwa namna depo inavyoweza kuwekwa bondeni kwa sababu bondeni ndiko kulikokuwa na nafasi.

Hili linageuza mjadala wa thamani. Anayetaka depo zifukiwe anataka kuzishusha chini zaidi katika maeneo ambayo tayari yako chini. Anayetaka kujenga juu yake anaweza kuwa na hoja nzuri, kwa kuwa sakafu imara ya zege mtaani ambako hakuna mwinuko ni kimbilio la wakazi siku ya mafuriko. Hapo ningekuwa tayari kulegeza masharti yangu ya nguzo, mradi fedha za umma zilipie sehemu ya kimbilio na kampuni ilipie sehemu ya biashara. Njia ya Tozai, ambayo upande wa mashariki hupita juu ya madaraja marefu, ingeweza kuhifadhi baadhi ya treni zake juu huko kimbunga kinapokaribia. Saginuma iko vilimani. Uwezo huo haupo sawa kwa kila njia, na unapaswa kuhesabiwa njia kwa njia.

Na nani atalipa? Kabla ya mauzo ya 2024 serikali kuu ilikuwa na asilimia 53.4 ya Tokyo Metro na serikali ya jiji asilimia 46.6. Waliuza nusu, na bado kwa pamoja wana nusu nyingine. Fedha za upande wa serikali kuu zilielekezwa kulipa dhamana zilizokopwa kujenga upya maeneo yaliyoharibiwa na tetemeko na tsunami ya 2011. Wenye hisa hawa wawili, ambao pia ndio wenye mamlaka ya mito na mipango miji, wana kauli kuliko mfuko wowote wa uwekezaji. Katika mkutano wa wanahisa unaofuata, pindi depo ya Shin-Kiba itakapotajwa kama kiwanja, wao ndio wenye nafasi ya kuuliza swali la saa: tangu tahadhari ya kimbunga itolewe hadi maji yafike, ni treni ngapi zinaweza kuondolewa pale, na zitapelekwa wapi?